Jina Kamili, Kama Lilivyo Kwenye Hati

Miaka kumi na tisa hapa Hamilton, jina langu likikatwakatwa.
Kazini ni Mona. Kwa daktari wa meno, Mwana-nani.
Kwenye kadi ya maktaba wamenipa O mbili, wakaninyima U.
Nami nikanyamaza: nimekuja kulea wazee wa watu,
sikuja kufundisha matamshi.

Kisha Februari moja, theluji imepanda hadi kizingitini,
ikaja bahasha nyembamba,
na kwenye kidirisha chake, pasipo kosa hata moja:
MWANAMKUU OMARI BWANAHERI.
Nilitabasamu. Wallahi nilitabasamu,
kabla sijaichana.

Malipo ya miezi mitatu hayajaonekana, walisema,
ya mkopo wa dola laki mbili na elfu themanini na saba,
rehani yake nyumba hii,
hii ya matofali mekundu nyuma ya Barton
ambayo chumba chake cha chini hunywa maji kila Aprili,
niliyoimalizia deni kwa zamu za usiku,
kwa mashuka, kwa migongo niliyoigeuza,
ya wazee walioniita kwa majina ya binti zao.

Mama alizoea kusema mali bila daftari huisha bila habari.
Mama, daftari nilikuwa nalo.
Risiti zote zimo kwenye kopo la biskuti,
mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa mpira.
Mali imeondoka na daftari lipo pale pale, linatazama.

Nikapiga simu benki.
Muziki dakika arubaini, halafu kijana mpole:
thibitisha kwamba wewe ndiwe wewe.
Jina la ukoo wa mama? Nikasema.
Shule ya kwanza? Nikasema.
Samahani, bibi, akanijibu,
majibu haya ameshayatoa mwenyewe.

Mwenyewe!
Nilikaa kwenye ngazi na mabuti ya theluji miguuni,
maji yakichuruzika zuliani,
nisithubutu kuyavua kama mtu aliyepita kusalimu tu.

Konstebo Pelletier alinionyesha nakala ya leseni.
Tarehe yangu ya kuzaliwa. Anwani yangu.
Uso, wa mwanamke mwingine:
nywele za kusuka, shavu limejaa, kovu dogo juu ya nyusi.
Nilidhani nitamchukia papo hapo.
Nikamkodolea macho, kama picha ya harusi
ya ndugu asiyenialika.
Na saini! Yangu mimi ni mkwaruzo, kuku amepita.
Yake imetulia. M ina mabega.
Kila herufi imepewa haki yake.
Huyu aliketi mezani, usiku kucha pengine, akajifunza.
Ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii
aliyejitahidi kuniandika sawasawa,
akaniandika, akaniandika,
hata nisibaki na pa kukaa.

Tangu hapo ni makaratasi. Viapo vitatu.
Wakili wangu, Bi Dhaliwal, hutoza kwa kila dakika sita
na hunipa chai asiyoitoza.
Ofisi ya hati imekubali ni ulaghai, anasema,
rehani itafutwa, hakimu akipenda, kabla ya kiangazi, labda.
Barua za madai haziachi kuja:
kiti cha ngozi, simu mbili, cherehani.
Cherehani ndiyo iliyonikosesha usingizi.
Anashona nini, kwa jina langu?

Jana, chumba cha kusikilizia kesi,
karani alifungua jalada, akakohoa.
Mona. Mwano. Akatafuta pa kushika.
Bi Bwana, akamalizia.
Sikusimama.
Akaita tena. Bi Dhaliwal akanigusa kiwiko.
Nikasema, kwa sauti niliyodhani niliiacha uwanja wa ndege:
Mwa-na-m-ku-u.
U mbili, mheshimiwa. Ya mwisho ivute kidogo.

Akachukua kalamu, akajaribu,
midomo ikicheza kama ya mtoto chuoni.
Nusura apatie.